Boti ya Uvuvi Ipangwe kwa Kipimo cha Mtoto

Kuanzia Novemba hadi Machi, boti za uvuvi wa mchezo hutoka alfajiri katika Watamu, Malindi, Kilifi, Mtwapa na Shimoni, kila siku ambayo bahari inaruhusu. Ni katika msimu huo huo familia za Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam hujaa ufukweni kwa likizo ya Desemba. Kwa miaka mingi makundi mawili yametazamana kwa mbali: mgeni akipanda boti, mwenyeji akibaki mchangani na watoto wake. Sasa hali inabadilika. Wapo wazazi wanaochanga fedha, wanakodi boti, wanachukua mama, shangazi na watoto, wanakwenda kuvua nje ya miamba. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Lakini wengi wao hurudi wakiapa kwamba hawatarudia: mtoto ametapika tangu saa moja na nusu, bibi ameshikilia kiti kwa mikono miwili siku nzima, na baada ya saa tisa za kuzunguka samaki ameuma mara mbili tu, tena fimbo imeshikwa na baba. Kosa si la bahari wala la familia. Familia imeazima ratiba ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Hoja yangu ni kwamba safari ya namna hii ipangwe kwa kipimo cha mtoto mdogo kuliko wote watakaopanda. Umri wake ukishajulikana ndipo muda, msimu, umbali, aina ya samaki na boti yenyewe vichaguliwe.

Ratiba tunayoiazima ina historia yake. Uvuvi wa fimbo katika maji makuu ulikuja pwani yetu na watu waliotafuta samaki mmoja mkubwa wa kupigwa naye picha. Mwandishi Ernest Hemingway alivua katika pwani ya Kenya mwanzoni mwa 1934, akitokea kwenye safari ya kuwinda wanyama bara, na fikra ilikuwa ile ile ya mwindaji: mnyama mmoja, mkubwa, wa kusimuliwa. Baadaye klabu za uvuvi za Malindi na Shimoni zilijenga jina lao juu ya uzito wa nduaro waliopandishwa kwenye mizani. Siku ya mvuvi wa nduaro ni ndefu kwa sababu samaki huyo ni adimu na hukaa mbali. Boti hurambaza kwa mwendo wa noti saba au nane, vyambo bandia sita au zaidi vikiburutwa nyuma, na watu hukaa kimya saa nyingi wakitazama povu. Mtu mzima aliyekuja kwa ajili ya hilo hachoki. Mtoto wa miaka minane huchoka kabla ya saa mbili kupita, na ana haki ya kuchoka, kwa kuwa hakuna alichopewa kufanya.

Mpe mtoto huyo sehewa badala ya nduaro, uone tofauti. Sehewa ni jodari mdogo, mwenye mistari myeusi tumboni, anayetembea kwa makundi na kufukuza dagaa mpaka maji yachemke na ndege wajae juu yake. Nahodha akiona ndege hupunguza mwendo na kupita pembeni ya kundi, si katikati, ili lisizame. Fimbo nyepesi inapinda, rili inalia, na mtoto anaanza kazi ambayo mikono yake inaiweza: anainua fimbo polepole, anaishusha huku akizungusha rili, anainua tena. Samaki wa kilo mbili au tatu humpa kazi ya dakika chache, kisha anaonekana chini ya boti, buluu na fedha, akizunguka duara. Baharia anamkamata mkiani na kumwingiza. Kundi likiwa bado lipo, ndugu yake anafuata. Katika saa nzima ya namna hiyo hakuna anayeuliza lini tutarudi. Tena sehewa huyo ni kitoweo kizuri, na kipande chake ni chambo cha uhakika kwa samaki wakubwa zaidi.

Umbo la pwani yetu lenyewe linaruhusu safari fupi. Watamu na Malindi sakafu ya bahari hushuka haraka, na maili chache tu kutoka kwenye mwamba tayari kuna maji ya samaki wa bahari kuu. Sulisuli hufuata dagaa mpaka karibu kabisa na nchi kavu, hasa pale maji mekundu ya mto Sabaki yanapokutana na maji ya buluu. Mstari wa rangi hizo mbili huonekana kwa macho, na manahodha wa huko hutembea juu yake. Kusini, mlango wa bahari wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi na kina kinachozidi mita 800, kwa hiyo anayetoka Shimoni hana haja ya kwenda mbali kabla ya kufika kwenye kina. Mlango wa Unguja ni tofauti: Unguja imekaa juu ya sakafu ile ile ya bara, maji ni ya makumi ya mita tu, na familia inayotoka upande huo itafute nguru, kolekole na mzia kandokando ya miamba, isidanganywe na ahadi za nduaro. Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo kilichoko kusini mashariki mwa Dar es Salaam, kinasifika kwa jodari na nguru wakubwa, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni safari ndefu katika bahari iliyo wazi. Huko waende watu wazima. Kwa familia, nusu siku inatosha: kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kurudi kabla ya saa sita, nchi ikionekana muda wote. Mtoto anayeona ufuo anajua kwamba kuna mahali pa kurudi, na mtu mzima mwenye hofu anajua vivyo hivyo ingawa hatasema.

Juu ya msimu sina nafasi ya kulegeza, kwa kuwa hapa ndipo kalenda ya shule inapotutia mashakani. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Bahari huwa laini asubuhi na upepo huongezeka mchana. Kusi huingia Aprili na kushika nguvu katikati ya mwaka. Miezi ya Mei, Juni na Julai boti nyingi za uvuvi wa mchezo Kenya hupandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo, na hiyo peke yake ni shahidi wa kutosha: watu wanaoishi kwa bahari wameamua kwamba bahari ya wakati huo haiwafai wateja wao. Agosti boti hurudi majini, na jodari wa mapezi ya njano hupatikana vizuri hadi Oktoba. Likizo za Agosti kwa Wakenya, na za Juni na Julai kwa Watanzania, huangukia katika kusi, na wazazi huona kwamba huo ndio muda pekee walio nao. Nahodha mwenye deni la dizeli hatakataa kukuchukua. Bahari ya Agosti mtu mzima mwenye tumbo imara anaiweza. Watoto wa shule ya msingi haiwafai. Subirini Desemba. Anayeweza kuja mapema zaidi aje katika tanga mbili, pepo zinapobadilishana mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati bahari hulala na sulisuli wanaanza kuingia.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni hofu ya kuzama, na hofu hiyo haina haja ya kubezwa. Hakuna familia ya Zanzibar isiyokumbuka Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mtu anayesema kwamba bahari imekula watu wetu wengi mno kiasi cha kuifanya mahali pa kuchezea anasema neno zito. Lakini tutazame meli zile zilikuwaje. Ya kwanza ilibeba watu kupita uwezo wake kwa mbali. Ya pili ilikuwa chombo kilichofanya kazi hapo awali katika maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, kikatumwa kwenye bahari iliyochafuka katikati ya kusi. Uzito, msimu, na chombo kisichofaa maji yake: hayo ndiyo yaliyoua, na yote matatu mzazi anayekodi boti nzima anaweza kuyadhibiti kuliko abiria aliyekata tikiti ya meli. Yeye ndiye anayechagua mwezi. Yeye ndiye anayehesabu vichwa. Ana haki ya kuona leseni ya chombo, iliyotolewa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, au na shirika la serikali la TASAC kwa Tanzania Bara, au na mamlaka ya bahari ya Zanzibar, na kusoma humo idadi ya watu wanaoruhusiwa. Mtoto mchanga naye ahesabiwe mtu.

Leseni pekee haitoshi. Boti inayotoka nje ya mwamba na watoto iwe na injini mbili, au injini kubwa na ndogo ya akiba, maana injini moja ikizima huku mkondo ukivuta kuelekea kaskazini boti haitakaa ilipo. Iwe na redio ya baharini iliyo hai. Chaneli ya 16 ndiyo ya kuita msaada, na kituo cha uratibu wa uokoaji cha Mombasa kimekuwapo tangu 2006. Simu ya mkononi ni ya ziada, isiwe tegemeo. Na majaketi ya kujiokolea yavaliwe, yasiwekwe chini ya kiti yakisubiri siku ya hatari. Hapa ndipo boti nyingi zinashindwa hata zile zenye sifa nzuri: majaketi yapo, lakini yote ni ya watu wazima. Jaketi la mtu mzima likivishwa mtoto wa kilo ishirini humpanda kichwani akiingia majini, naye huchomoka chini. Lazima liwe la kipimo chake, lenye mkanda unaopita kati ya mapaja, na lifungwe kabla boti haijang'oa nanga. Watoto wasikae omo wakati boti inapita mlango wa mwamba, wala wasisimame tezi wakati mishipi inatolewa. Nahodha mzuri husema hayo bila kuulizwa.

Kutapika ni jambo dogo kuliko kuzama, lakini ndilo linaloharibu safari nyingi. Sababu yake ni mgongano: sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho, yaliyotazama ndani ya boti, hayauoni, na ubongo unachanganyikiwa. Wanaodhurika zaidi ni watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili, rika lile lile ambalo wazazi hupenda kulichukua. Hii ni sababu nyingine ya kukata safari iwe nusu siku. Dawa hufanya kazi ikimezwa kabla ya kuondoka, si baada ya tumbo kuanza kuchafuka, na mfamasia aulizwe kipimo kinachofaa umri wa mtoto. Asubuhi ale kidogo, mkate au kiazi, si maandazi ya mafuta na chai ya maziwa. Akiwa majini akae katikati ya boti, mahali pasipoinuka sana, macho yake yakiwa kwenye upeo au kwenye mnazi wa ufukweni. Simu yenye michezo ifungwe kabisa. Moshi wa dizeli hukusanyika nyuma boti inaporambaza na upepo ukitokea tezi, na watu wengi wanaodhani wameshindwa na mawimbi wameshindwa na moshi huo. Mwambieni nahodha abadili uelekeo. Na mtoto akishazidiwa, mrudi. Familia ipatane na nahodha kabla ya kuondoka kwamba itarudi wakati wowote itakapotaka, na malipo yaliyokubaliwa yabaki yale yale, ili pasiwe na mtu wa kuhesabu fedha huku mtoto anateseka.

Lipo pingamizi jingine ambalo wapenzi wa mchezo huu hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Wazee wengi wa pwani, na watu wa dini miongoni mwao, husema samaki ni riziki. Anayemtia ndoana kwa furaha kisha akamwachia amemtesa kiumbe bila haja. Naona wana hoja, na jibu la kawaida kwamba samaki hurudi akiwa mzima halitoshi peke yake. Sulisuli anayepiganwa nusu saa, akainuliwa ndani ya boti, akalazwa kwenye sitaha yenye joto apigwe picha na kila mtu wa familia, huenda asiishi hata kama ameogelea alipoachiwa. Kwa hiyo mpaka uwekwe wazi. Nguru, faluzi, sehewa na jodari wavuliwe kwa idadi inayoliwa, wauawe upesi, wawekwe kwenye barafu, na mtoto aone kazi hiyo yote mpaka sahani. Nduaro na sulisuli waachwe hai. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, imeonya kwa miaka kwamba nduaro mwenye mistari amevuliwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya samaki wa jamii hii hufia kwenye nyavu za jarife na mishipi mirefu ya meli za kibiashara, na boti za mchezo huchukua wachache sana. Wachache hao nao wana hesabu.

Na kuachia kuna ufundi wake, ambao mtoto anapaswa kuuona kwa karibu. Chambo cha samaki kinapotumika, ndoana iwe ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani, kwa kuwa hunasa pembeni mwa mdomo na mara chache huingia tumboni. Sulisuli anapofika ubavuni, pezi lake kubwa la mgongoni likiwa limeinuka, baharia huvaa glavu na kushika mdomo wake mrefu akiwa bado majini. Nahodha huacha boti isonge taratibu ili maji yapite kwenye matamvua ya samaki. Ikiwa boti inashiriki kazi ya African Billfish Foundation ya Watamu, ambayo imekuwa ikiweka alama samaki hawa kwa zaidi ya miaka thelathini, kijialama hupachikwa mgongoni, makadirio ya uzito na mahali huandikwa kwenye kadi, na ndoana hutolewa. Rangi iliyokuwa imefifia hurudi: buluu ya mgongoni, mistari ya ubavuni. Kisha baharia huachia. Mtoto akipewa kazi ya kujaza kadi ile, amefanya sayansi yenye manufaa siku hiyo hiyo, na samaki hakuhitaji kutoka majini. Kwa mzazi ambaye bado moyo wake haukubali, njia iko wazi: amwombe nahodha arambaze kwa vyambo vidogo na mishipi myepesi, kwa samaki wa kula tu. Ni safari kamili.

Kuhusu gharama sitadai kwamba ni ndogo. Kukodi boti ya maana kwa nusu siku hugharimu mamia ya dola, fedha ambayo kwa familia nyingi ni karo ya muhula. Nusu siku huwa nafuu kuliko siku nzima, familia mbili zinaweza kushirikiana boti ikiruhusu idadi yao, na mafuta ya safari fupi ni machache. Isiyomudu hata hapo isione aibu: mashua ya mvuvi wa kijijini, ndani ya mwamba, bahari ikiwa shwari, kwa mshipi wa mkono na majaketi yaliyovaliwa, humpa mtoto changu na tasi wa kutosha kufurahi. Lakini isiwe ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizotangazwa 1968, ambamo kuvua ni marufuku. Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa ni samaki watakuwa wa nani. Boti nyingi za Kenya huhesabu samaki kuwa mali ya boti, na mteja hupewa kipande cha kitoweo tu. Ni desturi inayoeleweka, kwa kuwa mabaharia huongezea kipato humo. Inauma tu pale familia inapoigundua bandarini, mtoto akiwa ameshajitangazia kwamba nguru ni wake.

Ninasisitiza familia, na si baba na rafiki zake, kwa sababu elimu ya bahari imegawanywa vibaya kwetu. Wanawake wa pwani wanajua ufukwe kwa undani: bamvua linapotoa maji wanaenda kutafuta pweza kwenye miamba, wanatanda dagaa kwa nguo, wanajua saa ya maji kujaa kuliko saa ya ukutani. Lakini nje ya mwamba palihesabiwa pa wanaume. Watoto wa bara nao hukua wakiijua bahari kama mahali pa kukanyaga maji mpaka magotini. Katika nusu siku moja msichana wa Nakuru au Dodoma anaweza kuona nchi kutoka majini kwa mara ya kwanza, akaelezwa na nahodha wa Kibajuni au wa Kivumba kwa nini maji yale ni ya kijani na haya ni ya buluu, na kwa nini ndege wamehama. Mabaharia hawa ni walimu ambao shule zetu hazijawahi kuwaita. Wengi wao husema kidogo kwa sababu mteja wao wa kawaida hajui Kiswahili. Familia inayozungumza nao lugha yao itapata kwa bei ile ile kitu ambacho mgeni hakipati.

Anayetaka kwenda Desemba hii aanze kutafuta boti Oktoba, kwa kuwa boti nzuri hujaa mapema. Akimpata nahodha, swali lake la kwanza lisiwe bei, wala samaki gani wanauma. Aulize: una jaketi la kujiokolea la mtoto wa miaka saba, na naweza kuliona? Nahodha akilitoa, endeleeni na mazungumzo. Akisema tutapata namna, tafuteni boti nyingine.